Nani Apime Nafaka ya Mkulima?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakulima, wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa



Tumeitwa kuzungumza juu ya mahindi, na huenda wapo kati yenu wanaojiuliza ni kwa nini watu wa mageuzi, ambao kazi yao imekuwa katiba, kura na haki za raia, wasimame hapa kueleza habari za unyevu na ukungu. Jibu letu ni kwamba mwananchi hukutana na sanduku la kura mara moja katika miaka mitano, lakini mkulima hukutana na mlango wa ghala kila msimu wa mavuno. Pale mlangoni ndipo jasho lake la miezi mingi hugeuzwa kuwa karo, dawa na chakula. Iwapo uamuzi wa pale mlangoni hauna haki, haki aliyoipata kwingine itamfaa nini?

Hebu tutazame jinsi uamuzi huo unavyotolewa. Mkulima wa Trans Nzoia, Uasin Gishu au Nakuru hufika ghalani na lori alilolikodi. Karani wa mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, hutoa punje kiganjani, huzimimina katika mashine ya kupima unyevu, husoma nambari, kisha hutamka: "Kumi na sita." Mara nyingi mkulima mwenyewe hakuiona nambari hiyo. Hajui mashine ilikaguliwa lini, wala hajui kama ilitegwa kupima mahindi au ngano. Hapo hubaki na njia tatu: akubali kukatwa, aanike nafaka yake juu ya turubai kando ya barabara akiomba mvua isinyeshe, au airudishe nyumbani kwa nauli ya pili. Na aliyeitamka nambari ile ni mtumishi wa yule atakayefaidika ikipanda.

Hatusemi kwamba kila karani ni mwizi. Wako wanunuzi waadilifu, na tunawajua. Tunalosema ni kwamba utaratibu unaotegemea wema wa mtu mmoja bado haujawa utaratibu wa haki. Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Hawakumchunguza nyani huyo kama ana tabia njema. Iliwatosha kujua kwamba ni nyani.

Ni nini hasa kinachopimwa? Kiwango cha Afrika Mashariki cha punje za mahindi kinayagawa mahindi katika madaraja matatu, kwa kuangalia takataka, punje zilizovunjika, zilizooza na zilizoliwa na wadudu. Juu ya hayo kiko kipimo cha unyevu, ambao haupaswi kuzidi asilimia 13.5. Kipo pia kipimo cha sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa jumla yake haipaswi kuzidi sehemu 10 katika bilioni moja, na ile aina yake kali iitwayo B1 isizidi 5. Nambari hizi zina maana yake. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa mabichi hupata joto, joto likaamsha ukungu, na ukungu ukazaa sumu.

Sasa tuhesabu pamoja. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa mpaka asilimia 13.5, litapungua kwa kilo 4.7 hivi. Hayo ni maji, na mnunuzi hana wajibu wa kununua maji kwa bei ya mahindi. Makato ya namna hiyo ni halali, na mkulima mwenye busara hayapingi. Lakini chukueni gunia ambalo limekwisha kukauka kufikia 13.5, kisha mashine mbovu ikasoma 15.5. Kwa hesabu ile ile, mkulima atakatwa zaidi ya kilo 2 kwa kila gunia. Akiwa na magunia 100, amepoteza kama kilo 208, yaani zaidi ya magunia mawili kamili, na hakuna aliyevunja kufuli wala kuruka ua. Twaambiwa haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukiondoa kibaba mikononi mwa mwenyewe.

Taabu hii ina historia. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni iliyaweka mahindi chini ya udhibiti wake, na mkulima Mwafrika akawa analipwa kidogo kuliko mlowezi kwa nafaka ile ile iliyolisha nchi. Baada ya Uhuru bodi zilibadilika, na mwaka 1979 zikaunganishwa kuwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Kwa miaka mingi mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa aliyetambuliwa na sheria, na neno la mnunuzi huyo lilikuwa la mwisho. Mwishoni mwa 1993 udhibiti wa bei na wa usafirishaji wa mahindi uliondolewa. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kifutwe, mnamo Desemba 1991. Hivyo nchi yetu ilipata vyama vingi na wanunuzi wengi katika kipindi kimoja.

Wengi tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini uhuru wa kuchagua mnunuzi una upungufu mkubwa iwapo kila mnunuzi anakuja na mashine yake na kuisoma peke yake. Mkulima anaweza kutoka kwa huyu akaenda kwa yule, ilhali kote anakokwenda hana neno lake mwenyewe la kutia mezani. Wanunuzi wengi bila mpimaji huru ni kama vyama vingi bila tume huru ya kusimamia kura.

Wazee waliopo hapa wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wakati watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mahali pengine foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Aliyelalamika hakuwa na pa kushika. Hapakuwa na karatasi ya kuhesabiwa upya; watu walipotawanyika kwenda makwao, ushahidi ulitawanyika nao. Mambo ya nafaka ni vivyo hivyo. Gunia la mkulima likishamwagwa katika lundo la mnunuzi, halitambulikani tena. Ikiwa hapana sampuli iliyotengwa na kutiwa lakiri kabla ya kumwaga, hapana rufani. Ndiyo maana tunasisitiza neno "kabla". Upimaji unaofanywa baada ya kuuza ni sawa na kuhesabu kura baada ya kuzichoma.

Ndugu zetu, mpaka hapa tumezungumza juu ya fedha. Liko jambo zito kuliko fedha. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1981 watu 12 walikufa kwa sumu iyo hiyo huko Machakos. Wachunguzi wa maafa ya 2004 waliona kwamba mahindi mengi yaliyoleta msiba yalikuwa ya nyumbani, yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa hayajakauka vizuri. Sumu hii haina harufu wala rangi ya kuitambua kwa hakika, na upishi wa kawaida hauiondoi. Mama alipika ugali kwa upendo ule ule wa siku zote, na ugali ukaua.

Na msidhani kwamba mkaaji wa mjini amesalimika kwa kuwa yeye hununua unga wa pakiti. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Kutoka shambani hadi sufuriani nafaka hupita mikono mingi, na kila mkono usiopima huusukumia mkono unaofuata hatari hiyo.

Kwa hivyo upimaji huru ni upanga wenye makali pande mbili, nasi hatuna budi kukubali makali yote mawili. Tukidai kwamba mnunuzi asitupunje, tukubali pia kuambiwa kwamba nafaka yetu haifai inapokuwa haifai. Jiulizeni: gunia lililokataliwa ghalani asubuhi kwa sababu ya sumu huenda wapi? Leo linaweza kuuzwa jioni kwa mchuuzi asiyeuliza, likasagwa katika kinu cha kijijini, likaliwa na watoto wa jirani. Karani alitamka neno, hakuandika. Gunia likaondoka bila alama. Majibu yaliyoandikwa na mtu asiye na maslahi humkinga mkulima mbele ya mnunuzi, na humkinga mlaji mbele yetu sote.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni ndoto ya watu wa semina. Tuwaeleze yaliyofanywa kwingine. Huko Kanada, nchi ya wakulima wa ngano, malalamiko kama haya yetu yaliwasukuma wakulima kudai sheria, na Sheria ya Nafaka ya mwaka 1912 ikaunda chombo cha kusimamia upimaji, ambacho leo ni Tume ya Nafaka ya Kanada. Mkulima asipokubaliana na ghala lenye leseni juu ya daraja la nafaka au kiasi cha takataka, sampuli hupelekwa kwa Tume, na jibu la Tume huwafunga wote wawili. Zaidi ya hayo, wakati wa mavuno mkulima anaweza kuipelekea Tume sampuli yake, akapata majibu bila malipo na kujua daraja la nafaka yake kabla hajaanza kuzungumza bei.

Lakini hata neno "huru" lisitulaze usingizi. Marekani ilikuwa na sheria ya viwango vya nafaka tangu 1916, na wapimaji wenye vyeti. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba katika bandari, hasa New Orleans, wapimaji walikuwa wakipokea rushwa ili waipe nafaka daraja isiyostahili. Ndipo mwaka 1976 serikali ya huko ikaunda idara mpya ya ukaguzi wa nafaka. Funzo kwetu ni kwamba cheti peke yake hakimfanyi mtu awe huru. Tuulize kila mara: nani anamlipa, nani anaweza kumfukuza, na nani anaweza kuikagua kazi yake?

Hapa kwetu msingi wa sheria upo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya ubora na ya kupewa habari anazohitaji. Kilimo nacho, kwa sehemu kubwa, kimekabidhiwa serikali za kaunti. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala. Kwa mfumo huo mkulima huweka nafaka katika ghala lenye leseni, ikapimwa uzani na ubora, naye akapewa stakabadhi anayoweza kuiuza au kuiweka dhamana ya mkopo huku akingoja bei nzuri. Twauunga mkono mfumo huo. Lakini stakabadhi haiwezi kuwa na uaminifu kuliko kipimo kilichoandikwa ndani yake.

Tena mnakumbuka kwamba mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haikupita kiwango. Kama mfanyabiashara wa mpakani anadaiwa karatasi ya maabara, yawezekanaje mkulima wa ndani aamuliwe kwa neno la mdomo?

Basi tunadai mambo matano.

Kwanza, mashine ya kupima unyevu ikaguliwe na kupigwa muhuri kama mizani ya dukani inavyokaguliwa, na tarehe ya ukaguzi ibandikwe mahali mkulima anapoweza kuisoma. Mashine isomwe mbele ya mwenye nafaka.

Pili, sampuli ichukuliwe kwa haki. Punje zenye sumu hazikai kwa usawa katika gunia. Punje chache zaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya shehena nzima. Kwa hivyo kiganja kimoja cha juu ya gunia hakithibitishi lolote. Bambo lipite katika magunia mengi, juu, katikati na chini. Punje zichanganywe, kisha zigawanywe mafungu matatu: moja lipimwe, moja apewe mkulima, na la tatu litiwe lakiri kwa ajili ya rufani. Sampuli ipelekwe kwa nambari, bila jina la mwenyewe.

Tatu, majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, yakionyesha tarehe, nambari ya mashine na kila makato na sababu yake, na mkulima ayapate kabla ya bei kutajwa.

Nne, pawe na mpimaji wa tatu katika kila kaunti inayolima nafaka, ambaye hanunui, hauzi, wala halipwi kwa kadiri ya magunia yanayopita au kukataliwa. Pande mbili zikikosana, neno lake liwe la mwisho.

Tano, nafaka iliyothibitishwa kuwa na sumu isirudishwe sokoni kimyakimya. Iandikwe, itengwe, na kaunti iwe na mpango wa kuiondoa, pamoja na namna ya kumfidia mkulima mdogo. Bila fidia, hakuna mwenye njaa atakayekubali kuharibu gunia lake, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mtauliza gharama ziko wapi. Kipimo cha aflatoksini katika maabara ni ghali kwa mwenye magunia kumi. Si ghali hivyo kwa chama cha ushirika chenye magunia elfu tatu, kikichukua sampuli kwa utaratibu na kupima kwa pamoja. Mashine moja ya unyevu yaweza kuhudumia kijiji kizima. Mwaka 2023 Serikali ilianza kupeleka katika kaunti mashine za kukaushia nafaka zinazohamishika. Ni hatua njema, lakini kukausha bila kupima ni kutibu bila kujua ugonjwa.

Na kuna yale ambayo hayangoji Bunge. Parokia na usharika vina kumbi, vina wahasibu, na vina jina ambalo watu bado wanaliamini. Kanisa laweza kuitunza mashine ya kijiji, likamteua kijana aliyefunzwa kuitumia, na likaweka daftari lililo wazi kwa kila mtu. Mkulima akipima hapo kabla ya kukodi lori, atajua kama aende sokoni au aanike siku mbili zaidi. Hata asiye na mashine anaweza kuanza na chupa kavu na chumvi kavu: tia punje na chumvi kidogo, tikisa, uache kwa muda. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 au zaidi, na gunia halifai kufungwa. Isipoganda, nafaka iko chini ya hapo, ingawa chupa haiwezi kukuhakikishia kwamba umefikia 13.5. Kwa hilo mashine inahitajika.

Tuanze pia na nafsi zetu. Yupo mkulima anayeficha mahindi mabichi katikati ya gunia, na yupo anayetia mawe ili mzani ushuke. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuuza makapi ya ngano kwa maskini. Maneno yake yanamhusu anayeuza sawasawa na anayenunua. Hatuwezi kudai kipimo cha kweli kutoka kwa mwenye ghala huku tukikwepa kipimo hicho hicho katika magunia yetu.

Wananchi wenzetu, msimu ujao mlango wa ghala utafunguliwa tena, na bambo litachoma gunia. Tunawaomba mrudi katika vyama vyenu na makanisa yenu mkaamue jambo moja kabla ya mavuno: mashine ya kijiji itawekwa wapi, na ni nani atakayeisoma. Kisha nendeni kwa mwakilishi wa wadi na mumuulize, mbele ya watu, mpimaji huru wa kaunti yenu yuko wapi. Akiwaahidi, mwambieni aandike.